Gugu vamizi linaporudi baada ya kufyekwa: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Watu wanaopambana na mathenge, gugu maji au gugu karoti huwa na lalamiko moja: tulifyeka, tukachoma, tukapumzika kidogo, na msimu uliofuata likarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Lalamiko hilo ni la kweli, ila halitoshi kumwongoza mtu, kwa sababu magugu hurudi kwa njia nyingi zisizofanana, na dawa ya njia moja huweza kuwa mbolea ya njia nyingine.

Mmea vamizi hukabili mabadiliko ya mazingira kwa namna tatu kuu. Hubadili umbo na ratiba ya maisha yake bila kubadili vinasaba, ukawa mrefu penye rutuba na mfupi penye ukame. Hungoja, mbegu zake zikilala ardhini au kwenye tope kwa miaka mpaka hali iruhusu. Na kizazi baada ya kizazi, vinasaba vyenyewe hubadilika au kuchanganyika na vya jamaa zake. Jambo ambalo wengi wetu hulisahau ni kwamba panga, moto, jembe na kiuagugu navyo ni mabadiliko ya mazingira. Mmea hautofautishi kati ya tembo aliyeuvunja na kibarua aliyeufyeka; huitikia kwa uwezo uleule. Kwa hiyo, kabla ya kuwalipa watu warudie kazi ileile, ni afadhali kutumia asubuhi moja kukagua eneo na kutambua dalili iliyopo.

Kisiki kimoja kimetoa mashina mengi

Dalili hii ni ya mathenge hasa, Prosopis juliflora, mti wenye asili ya Mexico, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. Katika kaunti ya Baringo nchini Kenya ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, ili wafugaji wapate kuni na ardhi iliyochakaa ipate kifuniko. Mwaka 1988 ulikuwa umefunika hekta 882 za eneo hilo. Mwaka 2016 ulikuwa umefika hekta 18,792. Katika miaka hiyo watu hawakukaa bure. Walikata sana, na sehemu ya tatizo ilitokana na namna walivyokata.

Chukua jembe ufukue udongo kuzunguka kisiki kilichochipua. Utakuta mahali shina linapokutana na mzizi pamevimba na kukakamaa, na mashina mapya yametoka hapo, mengine yakianzia chini ya usawa wa ardhi. Macho ya kuchipua yamefichwa udongoni, mahali ambapo panga halifiki na moto wa nyasi haufiki. Mti uliokatwa juu ya ardhi hupoteza majani tu. Mfumo mzima wa mizizi hubaki ukiwa na akiba yake, na akiba hiyo yote hugawiwa kwa machipukizi. Matokeo yake ni kichaka cha mashina membamba yenye miiba iliyo usawa wa uso wa mbuzi, kichaka kinachoziba njia na malisho vibaya kuliko mti mmoja ulivyokuwa.

Tiba ni kukata chini ya sehemu hiyo iliyovimba, angalau sentimita 10 chini ya ardhi, na kwa miti mikubwa afadhali 20 hadi 30. Kazi hiyo ni nzito na huchukua muda, na sioni njia ya mkato. Mahali ambapo kuchimba hakuwezekani, kisiki kipakwe kiuagugu kilichosajiliwa kwa matumizi hayo mara tu baada ya kukatwa, kabla jeraha halijakauka, kwa ushauri wa afisa ugani. Kama eneo ni kubwa kuliko nguvu zilizopo, kuna njia ya tatu ambayo naiona ya busara kuliko inavyosifiwa: katika kila kichaka acha shina moja lililonyooka, ondoa mengine yote, kisha pogoa matawi ya chini. Mti huo utatoa kivuli chepesi ambacho nyasi huweza kuota chini yake, na utafikika kwa ajili ya kuvuna maganda.

Visiki vimekufa, lakini baada ya mvua eneo limejaa miche

Hapa kazi ya kukata ilikuwa nzuri, na chanzo kiko kwingine. Vunja kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichookotwa karibu na zizi. Katika eneo la mathenge ni kawaida kukuta humo mbegu ngumu za rangi ya kahawia zikiwa nzima, kwa kuwa ganda la mathenge lina sukari nyingi na mifugo hulipenda, lakini mbegu iliyo ndani hupita tumboni bila kusagwa. Safari hiyo ya tumboni hulainisha gamba lake, na mbegu hutua ardhini ikiwa tayari imezungukwa na samadi na unyevu.

Angalia jinsi mti huu unavyonufaika na hali mbaya ya hewa. Ukame unapozidi, nyasi hukosekana, na mifugo hutegemea maganda zaidi; mifugo haohao huhamishwa mbali kutafuta maji, wakibeba mbegu. Ukame ukiisha kwa mafuriko, maji huchukua maganda yaliyobaki na kuyatandaza kando ya mito na kwenye nyanda za ziwa. Ukame na mafuriko yakifuatana, kama yanavyofuatana sasa katika nchi kavu za Afrika Mashariki, kila upande wa badiliko hilo humsaidia mvamizi.

La kwanza kufanya ni kuokota maganda kabla mifugo hawajayala na kuyasaga kwa kinu cha nyundo, kwa sababu kusaga huua mbegu na huacha unga unaofaa kuwa sehemu ya chakula cha mifugo. Uchanganywe na malisho mengine, maana mbuzi wanaoshinda wakila maganda matupu hudhurika meno na taya. Mifugo waliotoka eneo lililovamiwa wafungiwe mahali pamoja kwa karibu wiki moja kabla ya kuingizwa kwenye malisho safi, na miche inayoota zizini ing'olewe ingali michanga. Kisha ardhi iliyo wazi ipandwe nyasi msimu uleule. Aina kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba zimetumika Baringo kwa kazi hiyo. Ardhi iliyosafishwa na kuachwa tupu ndiyo mazingira ambayo mche wa mathenge huyataka kuliko yote.

Msomaji wa eneo kame atauliza pia kwa nini gugu libaki kijani wakati kila kitu kingine kimekauka. Mathenge ina mizizi ya aina mbili: mirefu inayoshuka kutafuta maji ya chini, na mingine inayotambaa karibu na uso kunasa manyunyu. Jamaa yake mmoja aliwahi kukutwa katika mgodi wa wazi huko Arizona, Marekani, akiwa na mizizi kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Kwa hiyo usitegemee kwamba kiangazi kirefu kitaipunguza. Kiangazi huondoa washindani wake.

Gugu karoti linachanua likiwa na kimo cha kiganja

Parthenium hysterophorus, ambalo katika maeneo ya Arusha huitwa gugu karoti kutokana na majani yake, kwa kawaida hukua hadi zaidi ya mita moja. Mkulima akiona mimea mifupi sana iliyokwisha kutoa maua meupe, huweza kudhani kwamba imedumaa na itakufa yenyewe. Huo ni ufasiri hatari. Mmea huu, unapokosa maji, hufupisha maisha yake: huacha kurefuka, huchanua mapema na kukamilisha mbegu ndani ya wiki chache tangu kuota. Penye mvua na rutuba, mmea huohuo hurefuka na kutoa matawi mengi, na mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Na hali isipofaa kukua, hubaki umelala chini kama duara la majani ukingoja.

Kosa linalofuata ni la ratiba. Ratiba ya palizi iliyopangwa kwa miaka ya mvua, kwa mfano palizi moja kabla ya maua yanayotarajiwa mwezi fulani, hushindwa katika mwaka wa ukame kwa sababu maua yametangulia. Kalenda iachwe, mmea ndio utazamwe: pita shambani kila baada ya wiki mbili tangu mvua ya kwanza, na ng'oa duara la majani kabla halijainua shina. Lisifyekwe, kwa kuwa shingo yake huchipua tena. Ling'olewe na mzizi, udongo ukiwa na unyevu, kwa kuvaa glavu, mikono mirefu na kitambaa puani, maana gugu hili husababisha mwasho mkali wa ngozi na pumu, na anayelishika kila siku huzidi kudhurika.

Dalili nyingine ya gugu hilohilo ni kuibuka shambani mara baada ya kulima, mahali ambapo halikuonekana kwa miaka. Mbegu zilizobaki juu ya udongo hufa mapema, lakini zilizofukiwa hudumu kwa miaka kadhaa, na plau huzirudisha kwenye mwanga. Katika shamba la namna hiyo, kulima kijuujuu na kuwahi kufunika ardhi kwa zao linalotanda kuna faida kuliko kulima kwa kina. Kama shamba halina historia ya gugu hili kabisa, chunguza kilichoingia: mchanga wa ujenzi, marobota ya nyasi, trekta la kukodi, matope ya magurudumu.

Inafaa kuongeza jambo moja kuhusu siku zijazo. Majaribio ya kuotesha gugu karoti katika hewa yenye hewa ukaa nyingi zaidi yameonyesha kwamba hukua kwa kasi na kwa uzito mkubwa zaidi, na aina vamizi imeonekana pia kuongeza kiasi cha sumu yake. Mkulima, akiwa shambani kwake, hawezi kuzuia hewa ukaa kuongezeka, lakini anapaswa kujua kwamba gugu analopambana nalo halisimami mahali pamoja.

Gugu maji lilitoweka, sasa limerudi

Ziwa Victoria limetupa funzo lililo wazi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Gugu maji, lenye asili ya bonde la Amazon, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga ghuba na bandari katika nchi zote tatu. Spishi mbili za fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wanaokula gugu hilo, ziliachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaja na mawimbi, mawingu na maji mengi, na kati ya 1998 na 2000 zulia lile la gugu likaporomoka. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha sifa kiende kwa fukusi na kiasi gani kwa hali ya hewa. Naona kwamba mmea uliokwisha kudhoofishwa na wadudu ndio ulioshindwa kustahimili mawimbi na kukosa mwanga. Wavuvi walifurahi, na wengi waliamini kwamba mambo yamekwisha.

Mwaka 2006 kina cha ziwa kilishuka sana, na tope la kingo likabaki wazi juani. Mbegu za gugu maji, zinazoweza kudumu kwenye tope kwa zaidi ya miaka 15, huota vizuri mahali hasa penye tope lenye unyevu na mwanga. Mwishoni mwa mwaka huo mvua kubwa zilinyesha, mito ikaleta udongo na rutuba kutoka mashambani, maji yakapanda na kuinua miche ile. Mwaka 2007 Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, ilikuwa imefunikwa tena kwa upana mkubwa. Hapakuwa na uvamizi mpya kutoka nje. Ziwa liliamsha kilichokuwa kimelala ndani yake.

Ukitaka kujua chanzo cha mlipuko ulio mbele yako, ingia ukingoni na uvute mmea mmoja polepole. Ukija na mingine iliyounganishwa nao kwa kikonyo kinachotambaa majini, basi zulia linakua kwa kuzaana lenyewe kwa lenyewe, na chanzo cha kasi hiyo ni rutuba ya maji. Ukikuta vijimea vidogo vimeota kila kimoja peke yake kwenye tope, vimetokana na mbegu, na chanzo ni kushuka kwa maji. Katika hali ya pili, wiki chache za kung'oa miche kwa mikono na kwa reki kabla ya maji kupanda zina thamani kuliko miezi ya mashine baadaye.

Kisha tazama umbo. Mmea ulio pembezoni mwa zulia, wenye nafasi, huwa mfupi na vikonyo vya majani yake huvimba vikajaa hewa ili uelee. Ulio katikati, uliosongamana na wenzake, hunyoosha vikonyo vyembamba visivyo na uvimbe, karibu kufika mita moja, ukigombea mwanga. Inua na mizizi. Mizizi mirefu, yenye rangi ya zambarau iliyokoza na manyoya mengi, juu yake kukiwa na majani mafupi, huonyesha maji yenye fosforasi kidogo. Mizizi mifupi chini ya majani makubwa ya kijani kizito huonyesha maji yaliyojaa mbolea, maji taka au udongo wa mmomonyoko. Mmea huohuo hufanya yote hayo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sehemu kubwa sana ya gugu maji lililo nje ya Amerika Kusini linatokana na mstari mmoja wa uzazi, karibu nakala moja iliyosambaa duniani. Ni jambo la kushangaza kwa mtu aliyefundishwa kwamba kiumbe kisicho na vinasaba tofautitofauti hakiwezi kukabili mabadiliko.

Penye dalili za rutuba kuzidi, kuvuna gugu bila kuzuia kinacholilisha ni kazi isiyo na mwisho, kwa kuwa katika joto la ziwa zulia huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Kinachohitajika kiko juu ya mto: mifumo ya maji taka ya miji, matuta na nyasi kingoni mwa mito ya Nyando na Nzoia inayoingia ziwani, na matumizi ya mbolea yasiyozidi mahitaji ya zao.

Wadudu wapo, lakini gugu halipungui

Jani la gugu maji lililoliwa na fukusi huwa na mikwaruzo midogo ya rangi ya kahawia juu yake, na kikonyo kikipasuliwa kwa kisu huonekana vijia vilivyochimbwa na viluwiluwi. Ukikosa dalili hizo, wadudu hawapo au ni wachache mno. Mara nyingi sababu ni kwamba zulia lote liliondolewa au kupuliziwa sumu kwa pamoja, wadudu wakafa na chakula chao, kisha miche ikaota mahali pasipo na adui hata mmoja. Acha sehemu ndogo bila kuguswa ili fukusi wabaki. Ukiziona dalili hizo kwa wingi na zulia bado linapanuka, mmea unatoa majani kwa kasi inayowashinda wadudu, na tunarudi kwenye rutuba.

Kwa dungusi kakati wa Laikipia nchini Kenya na kwa lantana, chanzo huwa kingine. Mdudu wa jenasi ya Dactylopius aliyeachiliwa Laikipia mwaka 2014 dhidi ya Opuntia stricta ana koo zinazobagua: ukoo unaoangamiza spishi moja ya dungusi huweza kushindwa kabisa kuishi juu ya nyingine. Basi, mdudu anapokufa juu ya dungusi wako, hakiki kwanza kwamba ni spishi iliyokusudiwa. Lantana nayo imetokana na machotara yaliyozalishwa bustanini kwa ajili ya maua, kwa hiyo vichaka viwili vya rangi tofauti huweza kuwa na utomvu, ugumu wa jani na ladha tofauti kwa mdudu. Chagua mdudu kwa kupima juu ya vichaka vya eneo lako.

Gugu lilelile lina sura mbili katika maeneo mawili

Swali hili huwatatiza hata wataalamu: je, gugu la mlimani ni fupi na huchanua mapema kwa sababu ya baridi tu, au limekwisha kubadilika kivinasaba? Jibu lina uzito, kwa maana la kwanza litatenda kama la bondeni likishushwa bondeni, na la pili litakuwa limepata njia ya kupanda juu zaidi. Katika mashariki ya Amerika Kaskazini, Lythrum salicaria, gugu la maeneo yenye majimaji lililotoka Ulaya, imebadilika namna hiyo ndani ya vizazi vichache: ile ya kaskazini, yenye majira mafupi ya joto, huchanua mapema kuliko ya kusini hata zikipandwa pamoja. Mathenge na jamaa zake wameonyesha njia nyingine nchini Afrika Kusini, ambako spishi kadhaa zilizoletwa kwa nyakati tofauti zimezaana na kutoa machotara wanaositawi kwenye maeneo makubwa.

Jaribio la kujibu swali hilo linawezekana katika kitalu cha shule au cha kikundi. Kusanya mbegu za mimea mingi kutoka kila eneo, wala si za mmea mmoja. Zioteshe bega kwa bega katika udongo mmoja, maji sawa na mwanga sawa, vyungu vikichanganywa ili upande mmoja usipate upendeleo. Andika siku ya kuota, urefu kila wiki, na siku ya ua la kwanza. Tofauti ikitoweka, ilikuwa ya mazingira. Ikibaki, usiishie hapo: chukua mbegu za mimea hiyo iliyokua pamoja na uzioteshe tena, kwa sababu mbegu kubwa kutoka kwa mama aliyeshiba huweza kuupa mche nguvu isiyo ya vinasaba katika kizazi cha kwanza. Tofauti inayodumu katika kizazi cha pili ndiyo ya kupelekewa watafiti wa misitu au wa kilimo. Vyungu visiachwe vikapukutisha mbegu. Maua yafunikwe kwa mfuko wa karatasi yanapoanza kukauka, na jaribio likiisha, mimea yote ichomwe pamoja na udongo wake.